Samoni na Udhuru wa Sababu Nyingi

Katika majira ya joto ya mwaka 2009 wavuvi wa mto Fraser, ulio mkubwa kupita yote katika jimbo la British Columbia nchini Kanada, walitengeneza nyavu na mashua zao kwa kutegemea hesabu waliyopewa na wataalamu wa serikali, kwamba samoni wekundu milioni 10 na zaidi wangerejea kutoka baharini kwenda kutaga. Lakini majira yalipokwisha na waliofika walipohesabiwa, hawakutimia hata milioni mbili. Fadhaa ilikuwa kubwa hata serikali ikaunda tume ya uchunguzi, ikamkabidhi uongozi wake Jaji Bruce Cohen wa Mahakama Kuu ya jimbo hilo, na kumpa uwezo wa kuita mashahidi, kuwaapisha, na kudai nyaraka. Tume ikingali inasikiliza, mwaka 2010 mto ule ule ukajaa samoni kiasi cha milioni 30, wingi ambao watu wengi wa mto walikuwa wameusikia katika masimulizi tu, nao waliokuwa wakituhumiwa wakapata ujasiri wa kuuliza maiti yuko wapi. Jaji hakughurika na neema ya mwaka mmoja. Aliitazama miaka 20 iliyotangulia, akauona mteremko ulivyokuwa, na katika ripoti aliyoitoa mwaka 2012 akaeleza kwamba hakupata mkosa mmoja wa kupelekwa kizimbani peke yake: joto la maji, magonjwa, uchafu, ufugaji wa samaki, ujenzi wa mwambaoni na hali ya bahari yenyewe, kila kimoja kilistahili kutuhumiwa.

Maneno hayo yalikuwa ya insafu, na sina neno nayo. Walakini yaliyojengwa juu yake tangu siku ile, si Kanada tu bali karibu katika kila nchi yenye samoni, ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu. Kwa sababu kauli ya kwamba sababu ni nyingi, ambayo kwa mtaalamu ni mwanzo wa kazi, kwa mwenye mali imekuwa mwisho wa kesi. Mwenye bwawa humwonyesha kidole mwenye vizimba, mwenye vizimba huionyesha bahari, mkata magogo humwonyesha mvuvi, na mvuvi humwonyesha simba wa baharini, ambaye kwa kuwa hana wakili ndiye apigwaye risasi. Msomaji wa kwetu aliyeona nyavu haramu zikichomwa moto kando ya Ziwa Victoria, ilhali mifereji ya miji ikiendelea kumwaga taka humo ziwani, atautambua utaratibu huu wa kuanza na aliye mnyonge.

Swali la namna hii lilikwisha kabiliwa zamani na watu wa sheria. Sayyidna Umar alipofikishiwa habari ya watu kadhaa wa San'aa, katika Yemen, walioshirikiana kumuua mtu mmoja kwa hila, hakukubali kwamba wingi wao uliigawanya damu ile hata kila mmoja akabakiwa na tone lisilostahili adhabu, bali aliwahukumu wote kwa ukamilifu wa kosa. Na wengi wa mafakihi waliokuja baadaye wakaijenga kanuni yao juu ya hukumu hiyo, kwa kuwa walifahamu kwamba kama ushirika ungekuwa hifadhi, basi kila mwenye nia ya kuua angetafuta wenzake kwanza. Sisemi kwamba mhandisi wa bwawa ni muuaji, wala kwamba samaki ana kisasi. Nasema kwamba hoja iliyokataliwa zaidi ya karne 13 zilizopita imerudi ikiwa imevaa koti la utaalamu, na kwamba inapokewa kwa heshima isiyostahili.

Ili hoja yenyewe ifahamike, hapana budi kuujua mwendo wa maisha ya samaki huyu ambaye katika maji yetu hayupo, ingawa jamaa yake trauti aliletwa na Waingereza mwanzoni mwa karne iliyopita akatiwa katika mito baridi ya Aberdare na Mlima Kenya, na yungali huko. Samoni wa Pasifiki huzaliwa katika maji matamu, maangavu, yaendayo mbio: mama huchimba changarawe kwa mkia, akataga humo mayai kwa maelfu, akayafukia, na siku zake hazizidi chache kabla yeye na dume wake hawajafa. Vifaranga hukaa mtoni muda wa miezi, na wengine mwaka na zaidi, kisha miili yao hubadilika ili iweze kustahimili chumvi, wakateremka na furiko la theluji iyeyukayo hadi baharini, ambako huzunguka mwaka mmoja hadi mitano wakila na kunenepa. Halafu hurejea, na marejeo yao ni katika mambo yanayomfanya mtu mwenye akili atulie kidogo. Kwa maana samaki huyu huacha kula, akapanda mto dhidi ya mkondo, akaruka maporomoko, na akakitambua kijito alichozaliwa kwa harufu ya maji yake, jambo ambalo Arthur Hasler wa Chuo Kikuu cha Wisconsin alilithibitisha kwa majaribio tangu miaka ya 1950. Mzoga wake nao haupotei. Dubu na tai huuburuta hadi msituni, na wataalamu wakiupima mti ulio kando ya mto wa samoni huikuta naitrojeni ya bahari ndani ya mbao zake.

Kiumbe mwenye maisha ya namna hii anahitaji msitu, mlima, mto, hori la pwani na bahari kuu, vyote viwe vizima kwa wakati mmoja, na ndiyo maana wa kumdhuru ni wengi. Kila aliyeshika kipande chochote cha njia ile ndefu ameshika roho yake.

Tuutazame mto Columbia, utokao Kanada ukapita katika majimbo ya Washington na Oregon nchini Marekani, ambao kabla ya kufika Wazungu ulikadiriwa kupokea samoni na jamaa zake baina ya milioni 10 na 16 kila mwaka. Dhuluma ya kwanza hapo ilikuwa ya mvuvi, na hili halina haja ya kufichwa: kiwanda cha kwanza cha kutia samoni katika makopo kilifunguliwa mwaka 1866, na kabla ya miaka 20 kutimia viwanda vilikuwa vimesongamana, nyavu zimeziba mto, na samoni mfalme, aliye mkubwa na mtamu kupita wenzake, alikuwa amekwisha anza kupungua. Kisha yakaja mabwawa. La Bonneville lilimalizika mwaka 1938, nalo lilijengewa ngazi za maji ili samaki wapande. Lakini lile la Grand Coulee, lililomalizika miaka michache baadaye, halikuwekewa ngazi hata moja, likaifunga mito ya juu yenye urefu wa zaidi ya kilomita 1,600 kwa siku moja na kwa milele. Mwezi Juni 1940, maji yalipokuwa yakikaribia kuyafunika maporomoko ya Kettle, makabila ya eneo lile yalikusanyika kwa siku kadhaa kuyaomboleza, na mkusanyiko wao wakauita sherehe ya machozi. Tarehe 10 Machi 1957 milango ya bwawa la The Dalles ilifungwa, na kwa muda wa saa chache maporomoko ya Celilo, ambako watu walikuwa wamevua kwa maelfu ya miaka wakisimama juu ya ulingo wa mbao na vyavu vya mkono, yakatoweka chini ya ziwa tulivu.

Watu wengi hudhani kwamba ubaya wa bwawa ni ukuta, na kwamba ngazi ikijengwa ubaya umeondoka. Ukuta ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni yale maji yaliyosimama nyuma yake, ambayo hayamsukumi tena kifaranga kuelekea baharini bali humwacha aogelee mwenyewe, akipoteza siku nyingi ambazo mwili wake haukuandaliwa kuzipoteza. Ambayo hupashwa na jua la kiangazi hata yakapita nyuzi 20 za Selsiasi, kiwango ambacho kwacho samoni hudhoofika na maradhi yakamshinda. Na ambayo, kwa uvuguvugu wake, huwa maskani ya raha kwa samaki walao vifaranga. Samoni azaliwaye katika milima ya Idaho hukutana na mabwawa 8 akishuka na 8 akipanda, manne katika mto Snake, ulio tawi la Columbia, na manne katika Columbia yenyewe. Kule Idaho liko ziwa liitwalo Redfish, umbali wa kilomita zipatazo 1,450 kutoka baharini na mita 2,000 juu ya usawa wake, lililopata jina kwa wekundu wa samoni walioyajaza maji yake wakati wa kutaga. Mwaka 1992 aliyefika alikuwa mmoja, dume, na watu wakampa jina la Larry Mpweke. Na mwaka 2015, theluji ilipokuwa chache na mwezi Juni mkali kupita desturi, samoni wekundu zaidi ya 250,000 walikufa katika Columbia na matawi yake kabla ya kufika walikokwenda. Je, hao waliuawa na hali ya hewa au na mabwawa? Mwenye bwawa atasema ni hali ya hewa, naye hasemi uongo. Ila asichokisema ni kwamba jua lile lile lingelipiga mto uendao mbio lisingeupasha kiasi kile.

Hapa ndipo orodha ya sababu inapopotosha, kwa kuwa orodha huweka kila jambo katika mstari wake kana kwamba halijuani na la jirani, na hali mambo haya hushikana mikono. Simba wa baharini hujikusanya chini ya bwawa la Bonneville kwa sababu samoni husongamana pale wakitafuta mlango wa ngazi; sheria ikatungwa ya kuruhusu simba hao wauawe, na karamu aliyoandaliwa na binadamu ikahesabiwa kuwa uroho wake. Vivyo hivyo serikali imekuwa ikiwalipa wavuvi fedha, tangu mwanzo wa miaka ya 1990, kwa kila samaki mkubwa wa jinsi fulani anayekula vifaranga katika maziwa ya mabwawa, samaki ambaye ni mwenyeji wa mto huo na aliyeishi na samoni tangu kale pasipo kummaliza.

Udhuru mkongwe kuliko wote ni ule wa kutotolesha vifaranga kwa mikono ya watu. Mwaka 1875 Spencer Baird, aliyekuwa kamishna wa kwanza wa samaki wa Marekani, aliulizwa jinsi ya kuwanusuru samoni wa Columbia, akajibu kwamba sababu za hatari ni tatu, yaani uvuvi uliokithiri, mabwawa, na kuharibiwa kwa mito, kisha akashauri kwamba badala ya kutunga sheria ambazo ni taabu kuzitekeleza ni afadhali kuzalisha vifaranga wengi kiasi cha kutohitaji ulinzi. Nimeirudia hoja hiyo mara nyingi kwa mshangao, maana mtu yule aliuona ugonjwa wote miaka zaidi ya 60 kabla ya Bonneville, na akaandika dawa iliyowaachia wagonjwa na waambukizi wao waendelee kama kawaida. Tangu hapo kila aliyetaka kuziba mto aliahidi kituo cha kutotolesha, na kituo kikawa hati ya ruhusa. Leo nchi zilizoizunguka Pasifiki ya kaskazini huachilia baharini vifaranga wapatao bilioni 5 kila mwaka, nao hugombea chakula na wale wa asili. Na wakirejea, wengine hupotea njia wakazaana na wa asili, wakawaachia kizazi kilichozoea kulishwa kwa kijiko cha mfugaji. Vituo vyenyewe, hasa katika Columbia, vilijengwa kwa wingi sehemu za chini karibu na bahari, ambako wavuvi wa biashara walikuwa, mbali na makabila ya juu ambayo ndiyo yaliyonyang'anywa.

Habari ya misitu nitaipita upesi, kwa kuwa inafahamika: mti wa kando ukikatwa, kivuli huondoka na maji hupata joto, mteremko ukiachwa uchi, mvua huteremsha tope likafunika changarawe, na yai lililofunikwa na tope hukosa hewa likafa. Ila nitataja mnyama mmoja ambaye hutajwa kwa nadra, naye ni biva, yule mjenzi wa vibwawa vya vijiti ambavyo vifaranga wa samoni hujificha na kukulia humo. Katika miaka ya 1820 Kampuni ya Hudson's Bay iliamuru biva wa nchi ya mto Snake wamalizwe kwa makusudi, si kwa ajili ya ngozi zao tu, bali ili nchi ile iwe jangwa la manyoya na wafanyabiashara wa Kimarekani wasione sababu ya kusogea upande huo. Siasa za mpaka, basi, zilikwisha mdhuru samoni kabla hajatokea mtu mwenye kopo.

Kesi inayonipa faraja, na ambayo naona inafaa kusomeshwa, ni ya makalvati. Katika mapatano ya miaka ya 1854 na 1855 makabila ya Washington yalisalimisha nchi yao, yakajiwekea haki ya kuvua mahali pao pa desturi. Haki hiyo ikapuuzwa kwa zaidi ya karne, wavuvi wake wakitiwa pingu, na mmoja wao, Billy Frank wa kabila la Nisqually, akikamatwa zaidi ya mara 50, hadi mwaka 1974 Jaji George Boldt alipoamua kwamba makabila yana haki ya nusu ya samaki wapatikanao. Lakini nusu ya samaki wasiokuwapo ni nini? Makabila yakarudi mahakamani na kudai kwamba jimbo, kwa kupitisha vijito chini ya barabara zake katika makalvati membamba yaliyoning'inia juu ya maji, ambayo samaki hawezi kuyaingia, limeyavunja mapatano kwa saruji na bati badala ya pingu. Jimbo likajitetea kwa utetezi ule ule tunaoujua: kwamba serikali kuu nayo ina makalvati yake yanayoziba, na kwamba juu na chini ya makalvati ya jimbo vipo vizuizi vya watu wengine, hivyo kuyatengeneza kusingefaa kitu. Jaji Ricardo Martinez alikataa, akaamuru mwaka 2013 yatengenezwe, na mwaka 2018 Mahakama ya Juu ya Marekani, majaji wake wakigawanyika wanne kwa wanne, iliiacha amri hiyo isimame. Jimbo linalipa mabilioni ya dola. Hakuna aliyesema kwamba makalvati peke yake ndiyo yaliyowamaliza samoni. Ilitosha kuthibitika kwamba yanawadhuru na kwamba mwenyewe anajulikana.

Yako mengine ambayo mwenyewe alikuwa hajulikani, na hayo hudai subira ya namna nyingine. Kwa miaka mingi watu wa Seattle waliona jambo la kutisha katika vijito vya mjini vilivyokwisha safishwa na kupandwa miti, mathalani Longfellow: mvua za kwanza za vuli ziliponyesha, samoni wa fedha walipanda wakiwa na afya na matumbo yaliyojaa mayai, kisha kwa muda wa saa chache wakaanza kuzunguka juu ya maji wakipapasa hewa kwa midomo, wakafa kabla ya kutaga, na katika vijito vingine waliokufa hivyo walizidi nusu ya wote waliorejea. Waliopima dawa za wadudu, mafuta na madini hawakupata jibu. Mwishoni mwa mwaka 2020 wataalamu wa vyuo vikuu viwili vya jimbo la Washington walitangaza kwamba sumu ile hutoka katika matairi ya magari. Mpira hutiwa dawa ya kuukinga usipasuke kwa hewa ya ozoni. Dawa hiyo ikikutana na ozoni, kama ilivyokusudiwa, hugeuka kuwa kitu kingine. Vumbi la tairi hubaki barabarani, na mvua huliosha hadi kijitoni. Hakuna aliyevunja sheria katika habari hii tangu mwanzo hata mwisho, na samaki alikufa. Na dawa ya muda imekwisha onekana nayo ni rahisi mno: maji ya barabarani yakipitishwa katika mchanga na udongo wenye mboji kabla ya kuingia kijitoni, samoni wa fedha huishi ndani yake. Makabila matatu, wakiwamo Wayurok wa California, yaliwasilisha ombi kwa serikali kuu mwaka 2023 kwamba dawa ile ipigwe marufuku katika matairi, na ombi likakubaliwa lisikilizwe. Watengeneza matairi hutaja mabwawa.

Bahari ndiyo shahidi anayependwa na washitakiwa wote, kwa kuwa ni kubwa na haihojiwi. Ni kweli kwamba tangu mwisho wa mwaka 2013 hadi 2016 joto lisilo la kawaida lilitanda juu ya Pasifiki ya kaskazini-mashariki, vidudu vyenye mafuta ambavyo ni msingi wa chakula cha samoni vikapungua, na mahali pake vikaja vyembamba visivyoshibisha. Ni kweli pia kwamba mwaka 2020 vifaranga wa California walionekana wakizunguka na kufa kwa upungufu wa vitamini, kwa sababu mama zao, kwa kukosa vyakula vya namna nyingi, walikuwa wameshiba dagaa wa jinsi moja ambao wana kitu kinachoiharibu vitamini hiyo. Na katika mto Yukon, ambako hakuna miji mikubwa wala mabwawa ya kulinganishwa na yale ya Columbia, samoni mfalme amepungua hata Marekani na Kanada zikakubaliana mwaka 2024 kusimamisha uvuvi wake kwa miaka 7. Walakini joto la bahari nalo lina mababa wanaojulikana, na aliye dhaifu kwa jeraha la mtoni ndiye ambaye joto la bahari humwangusha.

Katika Atlantiki mambo ni hayo kwa sura nyingine. Norwei huvuna zaidi ya tani milioni moja za samoni wa kufugwa kila mwaka katika vizimba vya wavu vilivyotiwa katika mahori yale yale ambayo vifaranga wa asili hupita wakienda baharini. Chawa wa bahari huzaliana vizimbani na kuwavamia wapitao, na wafugwao wakitoroka hupanda mitoni kuzaana na wenyeji. Samoni wa asili wanaorejea nchini humo sasa hawafiki nusu ya milioni, na katika majira ya joto ya mwaka 2024 serikali ilifunga mito 33 isivuliwe kwa ndoano. Vizimba havikufungwa. Kanada imeamuru vizimba vya wazi vya British Columbia viondoke kabla ya mwezi Juni 2029 kwisha, na wenye navyo wanasema kwamba ushahidi dhidi yao haujatimia kwa kuwa sababu, kama alivyosema Jaji Cohen, ni nyingi.

Ipo hoja moja ninayoiheshimu, nayo ni ya watu wanaouliza kama mtu atazima taa za majumba ya watu ili samaki apite, katika zama ambazo umeme usiotoa moshi unatafutwa kwa taa mchana. Jawabu langu ni kwamba mabwawa si sawa, na atakayetaka yabomolewe yote ni mzembe kama yule atakaye yasiguswe hata moja. Mabwawa mawili ya mto Elwha katika jimbo la Washington, la 1913 na la 1927, yalibomolewa baina ya mwaka 2011 na 2014, na manne ya mto Klamath, upitao Oregon na California, yakamalizika kubomolewa mwaka 2024, ambayo yote yalikuwa makuukuu na umeme wake haba kwa kulinganisha. Klamath ndiyo iliyoua samoni wasiopungua 34,000 mwezi Septemba 2002 kwa uchache na uvuguvugu wa maji yake, ikawatia Wayurok na Wakaruk katika madai yaliyochukua miaka zaidi ya 20. Katika vuli ya mwaka 2024, wiki chache baada ya ukuta wa mwisho kuondoka, samoni walionekana wakitaga juu ya mahali pale, katika vijito ambavyo samaki wa ukoo wao hakuvifikia kwa zaidi ya miaka 100. Bahari ilikuwa ni ile ile yenye joto, na matairi yalikuwa ni yale yale.

Yamebaki yale manne ya mto Snake, yaliyokamilishwa baina ya mwanzo wa miaka ya 1960 na mwaka 1975, ambayo faida yake kuu zaidi ya umeme ni kuiwezesha ngano kushuka kwa matishari kutoka mji wa Lewiston hadi baharini. Na ngano, tofauti na samoni, inaweza kupanda treni. Mwezi Desemba 2023 serikali ya Marekani ilipatana na makabila manne na majimbo mawili, kesi iliyokuwa ikiendelea juu ya mabwawa hayo ikasimamishwa, na fedha zikaahidiwa ili umeme na usafiri mbadala vitayarishwe kabla ya yeyote kugusa kuta hizo. Mwezi Juni 2025 serikali iliyofuata iliyafuta mapatano hayo kwa waraka mmoja, na wadai wakarejea mahakamani. Nitakachokitazama katika kesi hiyo ni kama jaji atamruhusu mshitakiwa asimame mbele yake, kama walivyosimama wengi kabla yake, na kuanza utetezi wake kwa kuhesabu makosa ya wengine.